Baiskeli baada ya majira ya baridi: kipi usafishe, kipi ubadilishe, na mwili uanze vipi

Baiskeli mbili zimetoka kwenye majira ya baridi. Ya kwanza ilitundikwa ukutani majani yalipoanza kupukutika na haijaguswa tangu hapo. Ina vumbi juu ya kiti na matairi yamelala. Ya pili imefanya kazi miezi yote, asubuhi na jioni, kwenye tope la theluji na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kwa mbali, ya kwanza inavutia na ya pili inatia huruma. Lakini nikiambiwa nipande moja sasa hivi bila kuikagua, nitachukua ya pili, kwa sababu mwenyewe anajua breki zake zilishika vipi jana. Ile ya ukutani hakuna anayejua lolote juu yake.

Orodha nyingi za kuanza msimu humpa kila mtu kazi zilezile kwa mpangilio uleule. Naona zinawapotezea wengi muda, na pesa pia. Hapa nimeyaweka ubavu kwa ubavu maamuzi ninayokutana nayo kila mwaka baridi inapoondoka, na kila pahali nimesema wazi naegemea upande gani.

Iliyolala na iliyofanya kazi

Baiskeli iliyolala huharibiwa na muda. Tyubu ya kawaida huvujisha upepo kidogo kidogo hata kama haina tundu, na baada ya miezi kadhaa tairi linakunjika chini ya uzito wa baiskeli. Pale lilipokunjika ndipo nyufa huanzia. Grisi hukauka, waya wa gia hushika kutu ndani ya mfuko wake bila kuonekana, na maji ya kuziba matobo ndani ya matairi yasiyo na tyubu hukauka. Kama ni baiskeli ya umeme, betri iliyoachwa tupu miezi yote inaweza kuwa imekufa kabisa. Ilitakiwa ilale na chaji ya kati, asilimia 30 hadi 60. Ikiwa imetoka kwenye baridi kali, iache ipate joto la chumbani kwanza, maana kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiumiza.

Baiskeli iliyofanya kazi huharibiwa na mchanga na chumvi. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya mnyororo unakuwa kama msasa wa maji: kila mzunguko wa pedali unasugua chuma. Breki zimelika, rimu zimesagwa, na chumvi imeingia kwenye vichwa vya spoku na boliti ikizila taratibu.

Kwa hiyo ya kwanza inahitaji kukaguliwa, kujazwa upepo na kupakwa mafuta, na mara nyingi haihitaji kununuliwa kitu. Ya pili inahitaji kupimwa, na karibu kila mara kuna kitu cha kubadilisha. Ukiwa na saa moja tu, kwa iliyolala itumie kwenye matairi na breki. Kwa iliyofanya kazi, itumie kwenye mnyororo na breki. Breki zipo kote kote, na hilo si la kujadili.

Mnyororo: kuusafisha au kuubadilisha

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu uamuzi huu ndio unaoamua msimu mzima utakugharimu kiasi gani.

Watu husema mnyororo "umevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Hakinyooki. Kinacholika ni pini na mahali pini inapozunguka ndani ya kiungo. Kila kiungo kinapata ulegevu mdogo usioonekana kwa macho, na ulegevu huo wa viungo zaidi ya mia moja ukijumlishwa, mnyororo unakuwa mrefu kuliko meno ya gia yaliyotengenezwa kuupokea. Unapanda juu ya meno badala ya kukaa katikati yake, na meno nayo yanaanza kulika kufuata umbo lake.

Kusafisha hakurudishi chuma kilicholika. Mnyororo unaong'aa unaweza kuwa umekwisha, na mnyororo mweusi wenye masizi unaweza kuwa na maisha marefu mbele yake. Ndiyo maana kabla ya kushika brashi, pima.

Kifaa maalumu cha kupimia ni rahisi kutumia, lakini rula ya chuma yenye inchi inatosha. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7. Mnyororo uwe bado kwenye baiskeli. Bana breki ya nyuma na ukandamize pedali kidogo ili upande wa juu unyooke. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Kwenye mnyororo mpya, kitovu cha pini ya 24 kinakaa juu ya alama ya inchi 12, bila kupungua wala kuzidi. Sasa sogeza jicho. Pini ikiwa imeivuka alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, mnyororo umelika kwa takriban asilimia 0.5. Ikiwa imeivuka kwa moja ya nane ya inchi, milimita tatu na kitu, umefika asilimia moja.

Kwa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma, mnyororo wake mwembamba hubadilishwa kwenye asilimia 0.5. Zenye gia nane hadi kumi zinavumilia mpaka asilimia 0.75. Ukiwa chini ya hapo, safisha kwa moyo wote na usinunue kitu. Ukiwa umefika tu, badilisha mnyororo peke yake, na gia zako zitakushukuru kwa kudumu na mnyororo wa pili, pengine hata wa tatu.

Ugumu unakuja ukishapita asilimia moja. Hapo gia za nyuma zimekwisha kuzoea mnyororo mbovu, na una njia mbili za haki. Ya kwanza ni kubadilisha mnyororo na gia za nyuma kwa pamoja. Ya pili ni kutobadilisha chochote na kuendelea kuvitumia vyote hadi vitakapoanza kuruka. Wengi wanaidharau njia hii ya pili. Mimi siidharau: kwa baiskeli ya kwendea kazini kwenye barabara tambarare, mnyororo na gia vilivyozeeka pamoja vinaweza kuendelea kuelewana kwa muda mrefu, na ukivitunza kwa mafuta vitakupa msimu mwingine. Kwa baiskeli ya milimani au ya mashindano, ambako unasimama juu ya pedali kwa nguvu zote, usijaribu.

Njia ya tatu, ya kufunga mnyororo mpya juu ya gia zilizokwisha, ndiyo mbaya kuliko zote, na mimi niliifuata. Nilitoka baridi ndefu na mnyororo uliolika, nikaubadilisha peke yake bila kutazama gia, nikaona nimefanya la maana. Kwenye mteremko na tambarare ulikwenda kimya kabisa. Mlima wa kwanza nikasimama nikakanyaga, mnyororo ukaruka meno mawili, mguu ukashuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi gizani, na goti likagonga shingo ya usukani. Nilichechemea wiki mbili. Fundi niliyempelekea baiskeli aliizungusha gia ya nyuma kwa kidole, akanionyesha meno yake: yameinama upande mmoja kama mapezi ya papa. "Kaka," akasema, "mnyororo hauna kosa. Meno haya yamezoea mwenzake wa zamani." Tangu siku hiyo naangalia gia kabla ya kugusa mnyororo.

Cha kupaka: mafuta mepesi, mafuta mazito au nta

| | Mafuta mepesi | Mafuta mazito | Nta |
|---|---|---|---|
| Barabara kavu | Yanafaa | Yanakusanya vumbi | Inafaa kuliko yote |
| Mvua na tope | Yanaoshwa upesi | Yanashika vizuri | Inaondoka, kutu inaingia |
| Usafi wa mnyororo | Wa kati | Mweusi, unachafua mikono na suruali | Msafi kabisa |
| Kazi ya kuanza | Ndogo | Ndogo | Kubwa |

Mwanzo wa msimu si kiangazi. Maji ya theluji bado yanatiririka pembeni na mchanga wa baridi haujafagiwa. Kwa wiki hizo za kwanza natumia mafuta mazito, nikijua nitafuta mnyororo kila baada ya safari mbili tatu. Barabara zikikauka kabisa ndipo nahamia kwenye nta.

Nta ni ya mwenye subira. Mnyororo lazima uondolewe mafuta yote kwa kiyeyusho, pamoja na grisi ya kiwandani kama ni mpya, la sivyo nta haishiki. Kisha unaizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, ambayo huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 50 hadi 65 kutegemea aina. Iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta ikizidi joto inawaka. Mnyororo ukipoa unakuwa mgumu kama fimbo. Unaukunja kiungo kwa kiungo mpaka ulegee. Baada ya hapo unaweza kuushika kwa mkono mtupu, na vumbi halina pa kunata. Mnyororo unaopakwa nta na kuendeshwa pakavu unalika polepole kuliko wa mafuta. Mvua ikikunyeshea, hata hivyo, uufute siku hiyohiyo na uupake upya.

Yote hayo tisa. Kumi ni namna ya kupaka. Mafuta yanayofanya kazi ni yaliyo ndani ya kiungo. Yaliyo nje ni chambo cha mchanga. Weka tone moja kwenye kila kiungo, upande wa ndani wa mnyororo, zungusha pedali kinyume kwa dakika moja, acha yaingie, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka kitambaa kikaribie kutoka kisafi. Anayefuta vizuri na mafuta ya kawaida atamshinda anayemwaga mafuta ya gharama bila kufuta.

Na ile dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu usiitumie kama mafuta ya mnyororo. Inaingia kila mahali, inaosha mafuta yaliyokuwemo, halafu inakauka. Mbaya zaidi, ukungu wake unatua kwenye diski za breki.

Breki: kusafisha au kubadilisha

Kwenye breki za rimu, toa mipira ya breki uiangalie kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta punje za mchanga na vijichembe vya aluminiamu vimejikita ndani. Vichokoe kwa ncha ya pini na upitishe msasa juu. Mifereji ya mpira ikiwa imefutika, badilisha. Kisha angalia rimu yenyewe, ambayo wengi huisahau. Weka ukingo wa rula juu ya ubavu wake. Ukiona mwanga unapita katikati, rimu imelika ikawa na bonde, na rimu iliyolika sana inaweza kupasuka ikiwa na upepo ndani. Nyingi zina kitundu au mstari wa alama. Alama hiyo ikitoweka, rimu imekwisha.

Kwenye breki za diski, padi zilizobaki na unene mdogo hubadilishwa. Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, wanaweka kikomo cha nusu milimita ya sehemu inayosugua. Mimi sisubiri huko, nabadilisha ikibaki milimita moja. Diski nyingi zimechorwa unene wake wa chini kabisa, mara nyingi milimita 1.5. Padi iliyoingiwa na mafuta inalia na haishiki. Nimejaribu kusugua na kuchemsha padi za namna hiyo, na sishauri mtu apoteze jioni yake: nunua mpya, na usafishe diski kwa spiriti.

Breki za mafuta zikiwa laini, mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani, kuna hewa ndani. Hapo ni kwa fundi, isipokuwa umefundishwa. Kuna mifumo ya mafuta ya madini na kuna ya maji ya breki yanayoitwa DOT, na haichanganywi hata tone: kosa hilo linaharibu mipira ya ndani. Ya DOT hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo hubadilishwa hata kama baiskeli ilikuwa imelala.

Padi mpya zizoeshe. Ongeza mwendo, bana mpaka karibu usimame bila gurudumu kufunga, rudia mara ishirini hivi. Usiende mteremko mkali kabla ya hapo.

Matairi: yenye tyubu au yasiyo na tyubu

John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888, na msingi haujabadilika: hewa ndiyo inayokubeba, mpira ni mfuko wake tu. Kwa miaka mingi waendesha baiskeli wa mashindano ya barabarani walitumia matairi ya milimita 23 yaliyojazwa mpaka yakawa magumu kama mti. Leo milimita 28 ni jambo la kawaida kwao, na upepo umepunguzwa. Tairi linaloruka juu ya kila kokoto linapoteza mwendo, na mpandaji anachoka. Mwanzo wa msimu, barabara ikiwa imepasuliwa na barafu, somo hilo linamfaa kila mtu. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, usiifanye lengo. Na kama rimu zako ni zile zisizo na ndoano ya kushikilia tairi, kikomo ni bari 5, takriban psi 72, hata tairi liseme nini.

Tyubu ni kitu kinachoeleweka. Ikitoboka, unaibadilisha au unatia kiraka, unaondoka. Baada ya baridi haidai chochote zaidi ya pampu na jicho la kutafuta nyufa. Udhaifu wake ni kubanwa kati ya rimu na shimo la barabarani, tobo la meno mawili kama la nyoka, na mwanzo wa msimu mashimo ni mengi.

Tairi lisilo na tyubu halibanwi hivyo, linakubali upepo mdogo, na tobo la mwiba au la kipande kidogo cha chupa huzibwa na maji ya ndani kabla hujajua. Lakini maji hayo hukauka kati ya miezi miwili na sita, kutegemea joto na ukavu wa hewa. Baridi ndefu ni muda wa kutosha. Fanya hivi: toa gurudumu, lishike karibu na sikio, ulitikise. Ukisikia maji yakicheza, yapo. Ukisikia kimya, au kitu kidogo kinachogonga kama punje ya mahindi kwenye kibuyu, yameganda. Nimewahi kulifungua la namna hiyo: ndani mna utando mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na donge la mpira lenye ukubwa wa zabibu. Tairi lilikuwa na upepo na lilionekana zima, ila ulinzi haukuwepo tena. Ongeza mililita 30 hadi 60 kwa tairi la barabarani, zaidi kwa lile pana la milimani, na usafishe valvu kwa sababu nayo huziba.

Nani achague lipi? Ukiendesha mara moja moja, au baiskeli yako hulala miezi kila mwaka, baki na tyubu. Mfumo unaotaka kutunzwa kila msimu haumfai mtu anayetaka kuishusha baiskeli ukutani na kuondoka. Ukiendesha kila wiki, kwenye changarawe au barabara zenye miiba na vipande vya chupa, nenda bila tyubu, na bado ubebe tyubu moja ya akiba kwa sababu mpasuko mkubwa hauzibwi na maji yoyote. Na tairi lenye nyufa ubavuni, la aina yoyote, halina mjadala: litoke.

Mwenyewe au fundi

Kwa kifupi: kupima na kupaka mnyororo, matairi, mipira ya breki, kuosha na kukaza boliti, fanya mwenyewe. Kutoa hewa kwenye breki za mafuta, gurudumu lililopinda sana, beringi zilizofungwa kwa shinikizo, na ufa wowote kwenye fremu ya kaboni, mpe fundi. Boliti za usukani na shingo yake kwenye kaboni zina kipimo cha nguvu kilichochorwa pembeni, mara nyingi nyutonimita 5, na spana ya kupimia nguvu hiyo ni ya lazima hapo. Mkono haukisii.

Ukiamua kwenda kwa fundi, nenda wakati bado kuna baridi. Jumamosi ya kwanza yenye jua, baiskeli zote za mtaa ziko mlangoni kwake, na yako itasubiri wiki mbili nzuri zipite. Mpelekee ikiwa safi. Fundi anayeanza kwa kukwangua tope hawezi kuona ufa.

Mwili: polepole kwa muda mrefu, au vipindi vifupi vya nguvu

Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wamejizoesha vizuri, kisha wakaacha mazoezi kwa siku 84. Uwezo wao wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, na ulipotulia ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Sehemu ya anguko la mwanzo hutokana na damu kupungua ujazo, na hiyo ndiyo inayorudi upesi. Wiki mbili tu za kuendesha, unahisi mapafu yamefunguka. Hapo ndipo mtego ulipo: pumzi imerudi, lakini kano za goti na za kisigino hazijarudi, kwa sababu zinajijenga polepole zaidi. Maumivu ya goti niliyoyaona kwa watu wengi yalianza wiki ya tatu, siku walipojisikia vizuri.

Kwa aliyepumzika miezi yote, naegemea polepole bila kusita. Wiki tatu au nne za mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, gia nyepesi, pedali zizunguke mara 85 hadi 95 kwa dakika. Gia nzito mwanzoni inahamisha mzigo wote kwenye goti. Baada ya hapo, ongeza siku moja ya nguvu kwa wiki, kwa mfano dakika nne mara nne, na dakika tatu za kupumzika katikati.

Kwa aliyekuwa akiendesha ndani ya nyumba kwenye mashine, mambo ni tofauti, na mara nyingi anapewa ushauri usiomfaa. Moyo na miguu yake viko tayari. Vipindi vya nguvu anaviweza. Asichokuwa nacho ni barabara. Mashine haipindi kona, haina upepo wa ubavuni, haifungi breki kwenye mchanga, na haikai karibu na gurudumu la mwenzake. Ana nguvu nyingi kuliko ustadi alionao siku hiyo, na mwili unaokwenda kasi ndio unaoanguka vibaya. Yeye simwambii apunguze mazoezi. Namwambia safari mbili tatu za kwanza azifanye peke yake, mchana, barabara iliyokauka, na akafanye mazoezi ya kona na breki mahali palipo wazi kabla ya kurudi kwenye kundi.

Wote wawili wapime urefu wa kiti. Wakati wa baridi kiti hushuka, viatu vinene vinatumika, padi za suruali zinabadilika. Kanuni aliyoitangaza bingwa wa Marekani Greg LeMond ni rahisi: pima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka kitovu cha mhimili wa kwenye fremu, ule unaozungukiwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Mguu wa sentimita 82 unatoa kama sentimita 72.4. Si sheria kwa kila mwili, ila ni pa kuanzia, na kiti kilichoshuka sana ni chanzo kingine cha goti kuuma. Magoti yenyewe mimi nayafunika kila joto likiwa chini ya nyuzi 15, hata jua likiwaka.

Njia ya safari ya kwanza, chagua mizunguko mifupi inayopita karibu na nyumbani kuliko kwenda mbali na kurudi. Jambo likiharibika, uko karibu. Kama lazima uende na kurudi kwa njia moja, anza ukikabili upepo, urudi ukisukumwa nao ukiwa umechoka.

Ukifika, kabla hujavua kofia, bana breki ya mbele, weka vidole pale shingo ya usukani inapokutana na fremu, na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga kidogo chini ya vidole, beringi za usukani zimelegea. Kaza leo, maana kesho utakuwa barabarani nayo.